Injini iliyogoma kufa

*Plagi zimebadilishwa, koili zimebadilishwa, sensa zimebadilishwa, na taa ya injini bado inawaka. Gari moja katika gereji ya Tabata linaonyesha kwa nini ugonjwa wa 'taimingi' unamaliza fedha za wenye magari na heshima ya mafundi.*

Na Mwandishi Wetu

DAR ES SALAAM. Mwalimu alifungua buti ya Toyota Ractis yake, akatoa kiroba, akakimwaga chini ya mwarobaini. Zilianguka plagi nne, koili mbili, sensa ya kamshafti, sensa ya krenkshafti na kidude chenye soketi ambacho mafundi wengi hukiita 'sensa ya VVT'.

"Hivi vyote vimetolewa humu," alisema. "Na taa bado inawaka."

Fundi, mtu mzima mwenye ovaroli iliyokwisha rangi, akachuchumaa. Akaokota kimoja kimoja, akakigeuza juani, akakirudisha chini taratibu. Kisha akauliza swali ambalo Mwalimu hakuwahi kuulizwa katika gereji mbili alizotangulia kupita.

"Vilipimwa, au vilibadilishwa tu?"

Mwalimu akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuliwa. "Fundi, mimi nafundisha historia. Nikiambiwa leta sensa, naleta sensa."

Gari lenyewe asubuhi linawaka bila shida. Likishapata moto linakuwa zito, linakunywa mafuta, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mwezi mmoja kabla, akielekea Iringa, lilimwishia nguvu kwenye kona za mlima Kitonga, lori likimpigia honi nyuma na yeye hana pa kukwepea.

Gereji ya kwanza ilisema plagi na koili. Ya pili ikasema sensa ya kamshafti, halafu sensa ya krenkshafti, halafu hiyo ya VVT. Kila mara taa ilifutwa kwa mashine, gari likaondoka zima. Kila mara, baada ya siku mbili tatu, taa ikarudi na namba ileile ya hitilafu: P0011.

Kwa lugha ya gereji, gari lilikuwa na tatizo la taimingi. Kwa lugha ya mfuko wa Mwalimu, lilikuwa limekula mshahara.

Kinu kimoja, michi miwili

Ukitaka kuielewa taimingi, wakumbuke wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja akishusha mchi, mwenzake anapandisha. Hakuna anayehesabu kwa sauti. Zamu iko mikononi. Mmoja akichelewa kidogo, mahindi yanaruka nje. Akichelewa zaidi, michi inagongana.

Ndani ya injini, mchi mmoja ni pistoni, inayopanda na kushuka pamoja na krenkshafti. Wa pili ni valvu, ambazo kamshafti huzifungua ili hewa iingie na moshi utoke. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti sharti izunguke mara moja kamili, bila pungufu wala ziada. Kinachozifunga pamoja ni mkanda au cheni.

Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, krenkshafti inazunguka mara 50 kila sekunde, na kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 katika sekunde hiyohiyo.

Kwa kasi hiyo kosa dogo si dogo. Gia ya krenkshafti ikiwa na meno 18, kukosea jino moja ni kukosea digrii 20. Injini inaweza bado kuwaka. Lakini itakuwa kama mkimbiaji anayevuta pumzi wakati wa kuitoa: itatetemeka kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, itakula mafuta na kukosa nguvu mlimani.

Neno moja, magonjwa matatu

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na neno lenyewe. Mwenye gari anaposema "nirekebishie taimingi", anaweza kuwa anataja mambo matatu tofauti.

La kwanza ni taimingi ya moto, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Kwenye Corolla za zamani zenye injini kama 4A-FE, fundi alilegeza delko (kigawa cheche), akaigeuza kidogo kwa mkono, akasikiliza, akakaza. Kizazi kizima cha mafundi kilijenga jina kwa sikio hilo.

La pili ni taimingi ya valvu, yaani mkanda au cheni kukaa kwenye alama zake.

La tatu ndilo jipya zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 Toyota ilianza kufunga mfumo wa VVT-i, ambao husogeza kamshafti mbele au nyuma injini ikiwa inafanya kazi. Kwenye ncha ya kamshafti ya upande wa hewa kuna gia yenye vyumba ndani yake. Kompyuta hutoa amri, valvu ya umeme hufungua njia, oili huingia vyumbani na kuigeuza kamshafti kwa digrii zinazotakiwa.

Kwa hiyo ndani ya injini kama 1NZ-FE, iliyomo kwenye Ractis ya Mwalimu na kwenye IST nyingi za mjini, kazi ya oili haiishii kulainisha. Oili ndiyo mkono unaoigeuza kamshafti. Mkono huo ukiwa mzito au ukizibwa njia, taimingi inaharibika ingawa hakuna jino lililoruka wala waya uliokatika.

Na hapo hakuna delko ya kugeuza. Kila plagi ina koili yake, na wakati wa cheche unaamuliwa na kompyuta.

> "Oili ndiyo mkono unaoigeuza kamshafti. Ukizibwa njia, taimingi inaharibika ingawa hakuna jino lililoruka."

Jina 'sensa ya VVT' nalo limewaponza wengi. Kifaa hicho si sensa. Sensa hutoa taarifa. Hiki hupokea amri na kufungua njia ya oili, kama koki ya bomba. Ukikiita sensa, utakitibu kama sensa: utakibadilisha, utafuta namba, na hutakumbuka kuuliza kama maji yanafika kwenye bomba.

Mjumbe hauawi

Mashine ya kupimia imeingia gerejini. Kuna kubwa zenye kioo na kuna ndogo zinazozungumza na simu. Zote husoma namba ambazo kompyuta ya gari imeziweka kumbukumbu, na hapo ndipo gereji nyingi humalizia upimaji wao.

Lakini namba inataja mtaa, haitaji nyumba. P0011 haisemi kwamba kuna kifaa fulani kibovu. Inasema kompyuta imeamuru kamshafti ikae mahali fulani, nayo haikukaa. Sababu inaweza kuwa ile valvu ya oili, chujio lake, gia ya VVT-i, cheni iliyolegea au oili yenyewe.

P0016 nayo inasema krenkshafti na kamshafti hazipatani. Kompyuta huzilinganisha kwa njia rahisi. Kwenye injini hizi krenkshafti ina sahani ya meno 34, iliyopangwa kwa nafasi za meno 36 huku mawili yakiachwa wazi makusudi. Pengo hilo ndilo alama ya mwanzo wa kuhesabu. Kamshafti ina meno yake matatu. Sensa mbili husoma, kompyuta hupatanisha.

Cheni ikirefuka kwa uchakavu, meno ya kamshafti huchelewa kufika mbele ya sensa, na sensa huripoti kuchelewa huko kwa uaminifu. Fundi anayeitoa sensa hiyo na kuweka mpya anapata taarifa ileile kutoka kwa mjumbe mwingine. Wahenga walishasema mjumbe hauawi.

P0340 na P0335 ni kesi nyingine: zinahusu saketi za sensa zenyewe. Hata hapo, kabla ya kwenda dukani, kuna waya, soketi na kutu ya kuangaliwa. Panya mmoja chini ya boneti anaweza kufanana kabisa na sensa mbovu.

Nani alipie kupima?

Ukiwasikiliza wenye magari, lawama ni moja: mafundi wanabahatisha kwa fedha za wenzao. Kifaa kikifungwa na tatizo likabaki, hakuna anayerudisha fedha. Maduka mengi ya spea nayo hayapokei tena kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa. Hasara yote inalala kwa mwenye gari.

Ukikaa gereji mchana kutwa, unausikia upande wa pili. Mteja analipa kwa moyo kitu anachoweza kukishika. Plagi mpya inaonekana, koili mpya ina boksi. Lakini fundi aliyetumia saa tatu kupima na kugundua waya uliolegea akidai fedha yake, anaambiwa: "Yaani kukaza waya tu?"

Kwa hiyo fundi anajifunza haraka. Kupima hakuna mteja. Kubadilisha kuna mteja. Akisema "nipe siku nzima nichunguze", gari linahamia kwa jirani aliyesema "lete sensa". Vishoka hawajazaliwa na njaa peke yake. Sisi wateja tumewalea.

Katikati yao yupo muuza spea. Gerezani, Kariakoo, sensa ya gari moja inaweza kupatikana kwa bei tatu: mpya halisi, mpya ya kuigiza, na ya mtumba iliyofunguliwa kwenye gari jingine. Ya kuigiza ikifungwa, fundi anapata fumbo jipya. Je, tatizo lilikuwa la zamani, au limekuja na spea?

Suala la elimu nalo lina sura mbili. Mafundi wengi walijifunza kwa kuwa saidia fundi, na ujuzi wao wa mikono hauna mashaka. Vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hufundisha ufundi magari, na mamlaka hiyo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mitaani. Lakini cheti hakimfanyi mtu apime kama soko halimlipi kwa kupima.

> "Kupima hakuna mteja, kubadilisha kuna mteja."

Alama nazo hudanganya

Hata anayepima anaweza kudanganywa, na hapa ndipo matatizo sugu ya taimingi hujificha.

Chukua puli ya mbele ya krenkshafti. Kwenye magari mengi imeundwa kwa vyuma viwili vilivyounganishwa na pete ya raba katikati ili kumeza mtetemo. Raba ikizeeka, chuma cha nje huteleza, na alama ya taimingi iliyochongwa juu yake huteleza nayo. Fundi anamulika kwa taa ya taimingi, anaona alama iko kombo, anageuza delko hadi isome sawa. Sasa alama iko sahihi na injini haiko sahihi. Dawa yake ni kuhakikisha kwanza pistoni ya silinda ya kwanza iko kileleni kweli, kisha kuangalia alama inasema nini.

Kwenye injini hizohizo za delko zenye kompyuta, kama 4A-FE na 3S-FE, kuna mtego mwingine. Kabla ya kumulika, tundu la TE1 na la E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti huunganishwa kwa kipande cha waya. Bila hivyo kompyuta inaendelea kuisogeza cheche yenyewe, na fundi anakuwa anapima kitu kinachokimbia. Waya ukiwekwa, taimingi inatakiwa kusoma digrii 10 kabla ya pistoni kufika kileleni.

Cheni ina mtego wake. Siku hiyo pale Tabata, kwenye IST ya jirani, kijana wa gereji alikuwa amemaliza kufunga cheni mpya. Viungo vyenye rangi vilikaa kwenye alama za gia, na juu yake alipaka tipeksi ili asipoteze. Akazungusha krenkshafti kwa spana mizunguko miwili kamili, kama alivyofundishwa. Alama za gia zikarudi mahali pake. Viungo vyenye rangi havikurudi.

"Mzee, imeruka!" aliita, uso umemshuka.

Haikuwa imeruka. Viungo vya rangi ni vya kufungia tu. Cheni ina viungo vingi kuliko meno ya gia, hivyo huchukua mizunguko mingi hadi vikutane tena na alama. Zinazotakiwa kurudi baada ya mizunguko miwili ni alama za gia. Asiyejua hilo hufungua tena kazi iliyo sahihi, na akiifunga mara ya pili kwa hasira, ndipo hukosea kweli.

Gia ya VVT-i nayo ina pini ya kuifunga mahali pake pa kuanzia. Ukifunga cheni wakati gia imesogea, alama zitapendeza macho injini ikiwa imezimwa na zitakosea ikiwaka.

Gharama ya kukosea

Si kila injini husamehe. Kwenye 3S-FE, iliyomo kwenye RAV4 za zamani, mkanda ukikatika gari linazima na kubaki barabarani. Pistoni na valvu hazifikiani. Kwenye 1NZ-FE zinafikiana. Cheni ikiruka vya kutosha, michi inagongana: valvu zinapinda, na kazi iliyoanza na taa ya njano inaishia kwa kufungua silinda hedi au kutafuta injini ya mtumba.

Injini za dizeli hazina mchezo kabisa, kwa sababu nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni finyu mno. Ndiyo maana dashibodi za Toyota nyingi za dizeli zenye mkanda, zikiwamo Prado na Land Cruiser zinazobeba watumishi na watalii nchini, zina taa ya T-BELT. Kwa nyingi huwaka gari likifikisha kilomita 100,000 kukumbusha kwamba mkanda umefika umri wa kubadilishwa. Wapo wanaobadilisha mkanda na wapo wanaozima taa. Kioo cha dashibodi hakiwezi kuwatofautisha, mlima utawatofautisha.

Zaidi ya fedha kuna uhai. Gari lenye taimingi mbovu linaweza kukosa nguvu dereva akiwa katikati ya kulipita lori. Hapo hakuna anayekumbuka namba ya P.

KABLA YA KUNUNUA SPEA

• Omba namba iandikwe kwenye karatasi kabla haijafutwa. Namba iliyofutwa ni ushahidi uliopotea.

• Anza na oili: kiwango, uzito na umri wake. Injini nyingi ndogo za VVT-i zilitengenezewa oili nyepesi kama 5W-30. Oili nzito hupita kwa shida kwenye njia zake nyembamba.

• Kagua nyaya na soketi kabla ya sensa.

• Pima kompresheni. Ikiwa imeshuka kwenye silinda moja, tafuta tatizo la silinda hiyo. Ikiwa imeshuka sawasawa kwenye zote, shuku taimingi ya valvu.

• Kubaliana na fundi bei ya kupima peke yake, hata kama hakuna kitakachobadilishwa.

• Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na gari likapona, hutajua kilichoponya.

Nyaya mbili

Turudi chini ya mwarobaini. Fundi hakuanza na mashine. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa nyeusi, nzito kama uji wa ulezi.

"Unabadilisha kila baada ya kilomita ngapi?"

Mwalimu akanyamaza kidogo. "Huwa naongeza."

Fundi hakusema neno. Alichomoa soketi ya ile valvu ya VVT, akaipima kwa mita: omu 7.4. Inatakiwa kuwa kati ya 6.9 na 7.9 injini ikiwa ya baridi. Kwa umeme, kifaa kilikuwa kizima.

Kisha akawasha gari, akaliacha lipate moto. Akachukua nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye betri, akazigusisha kwenye vichwa vya ile valvu.

Kipimo hiki ni cha ajabu kwa anayekiona mara ya kwanza. Ukiipa valvu umeme wote injini ikiwa kwenye sailensa, unailazimisha kamshafti kutangulia wakati usiotakiwa. Injini nzima lazima itetemeke au izime kabisa. Kuzima ndiko kupona.

Nyaya ziligusa. Injini ikaendelea kunguruma kwa utulivu, kana kwamba hakuna aliyeiambia kitu.

"Imegoma kufa," fundi alisema.

Amri ilikuwa inafika, valvu ilikuwa mpya, na kamshafti haikusogea. Cha kwanza kushuku kilikuwa oili isiyofika. Alilegeza boliti moja pembeni mwa silinda hedi, akaichomoa. Nyuma yake kulikuwa na chujio la wavu, si kubwa kuliko ncha ya kidole. Matundu yake yalikuwa hayaonekani. Yote yamezibwa na masizi ya oili iliyochoka.

Gereji iliyobadilisha valvu haikuwa imeligusa. Liko mlango wa pili.

Kijana alilisugua kwa petroli na mswaki hadi likapitisha mwanga. Likarudishwa. Oili ya zamani ikamwagwa pamoja na chujio lake kubwa, ikatiwa nyepesi mpya. Injini ikawashwa, ikaachwa ipate moto, na nyaya mbili zikagusishwa tena.

Injini ikatikisika, ikakohoa mara moja, ikazima.

"Umeiua?" Mwalimu aliruka.

"Imekubali kufa, Mwalimu. Sasa inasikia amri."

Fundi akainama kwenye kile kiroba, akaokota valvu ya zamani, ile iliyotolewa kama mbovu. Akaigusisha nyaya. Ikalia *tak*, kijiti chake kikasogea. Akaigusa tena: *tak*. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Akaiweka mkononi mwa mwenyewe bila maelezo.

Hesabu iliandikwa kwa kalamu nyuma ya boksi la chujio la oili. Mstari wa kwanza: *Kupima*. Wa pili: *Oili na chujio*. Hakukuwa na wa tatu.

Mwalimu alisoma, akaomba apunguziwe bei ya oili. Mstari wa kwanza hakuugusa.